Baiskeli ya Mayai Kwenye Triathlon

Nina kesi, haina hakimu. Nipeni masikio tu. Ajira nimeshaacha kuomba.

Mwanza, kwenye chumba kimoja cha kupanga, walikaa ndugu watatu wa tumbo moja: degree tatu, ajira sifuri. Mhoja, kaka mkubwa, kipaji chake kilikuwa kujulikana: akipita na baiskeli yake kuuza mayai, mpaka ng'ombe wanampisha. Bulugu, wa kati, alikuwa na mikono: chuma kilimsikiliza kuliko waajiri wote aliowatumia CV. Ng'washi, kitinda mimba, alikuwa na pumzi: aogelee, aendeshe, akimbie, na bado abaki na hewa ya kukusema.

Basi hoteli moja ya ufukweni ikatangaza triathlon: kuogelea, baiskeli, mbio za miguu. Zawadi? Ajira moja ya kudumu. No interview, no "experience miaka mitano". Mshindi angeandika jina moja kwenye fomu, lake au la amtakaye.

Mhoja akatoa baiskeli. Ilikuwa hybrid, mahuluti: nusu ya lami, nusu ya vumbi, kama msomi wa siku hizi, nusu ofisi, nusu genge. Ndiyo iliyowalisha.

"Ukikata keria, mdogo wangu, mayai nitabeba kichwani?" akamuuliza Bulugu.

"Kaka, be serious. Unataka ajira au unataka chipsi mayai?"

Mhoja akashika kengele. "Kata. Ila kengele haitoki. Baiskeli bila kengele ni ya wizi."

Bulugu akatoa mikono. Aling'oa keria, stendi na madigadi. Uma wa mbele wenye springi ukatoka, ukaingia mgumu, mwepesi. Usukani ulionyooka ukapisha uliopinda kama pembe za kondoo. Tairi nene akabadilisha kwa nyembamba, na ndani yake akalaza vipande vya tyubu kuukuu, kinga ya miiba ya mafundi wa uswahilini. Asubuhi ya mashindano, waya wa breki ukakatika. Saa hiyohiyo alikuwa na interview, ya kwanza kwa miaka miwili. Akavua tai, akashika spana.

Ng'washi akatoa mwili. Alitoka ziwani wa tatu, ukucha wa kidole gumba umebaki kwenye jiwe. Jamaa mwenye baiskeli ya kaboni, aliyekuwa anaongoza, akamcheka wakipanda baiskeli: "Dada, na kengele juu? Unauza ice cream?"

"Ngoja nije nikuuzie vumbi!"

Kwenye kipande cha vumbi, mbigiri zikatoboa tairi la mshindani wa pili. Ng'washi akapita juu ya mbigiri zilezile, tyubu kuukuu zikambeba. Mbele, kundi la ng'ombe limeziba njia, na yule wa kaboni anapiga kelele: "Excuse me! Excuse me!" Ng'ombe gani amesoma English medium? Ng'washi akapiga kengele, kring kring, na ng'ombe wakapisha kama kila siku.

"Mwangaluka, wa mayai!" mchungaji akasalimia bila hata kugeuka.

Wa kaboni akapenya nyuma yake, akampita mteremkoni, akaanza mbio za miguu akiwa mbele. Ng'washi akakimbia na kidole kinachovuja damu, akamnasa na kumpita hatua ishirini kabla ya utepe.

Fomu ikaletwa mezani. Ng'washi akashika kalamu.

"Bila kengele yangu ungekuwa bado unabembeleza ng'ombe," akasema Mhoja. "Na baiskeli hii haibebi tena hata yai moja."

"Bila tyubu zangu hao ng'ombe usingewafikia," akasema Bulugu. "Na interview imepita."

"Na bila mapafu yangu," akajibu Ng'washi, "mngekuwa na baiskeli nzuri sana, imeegemea ukuta. Mnakiona hiki kidole?"

Wakacheka wote watatu, wakacheka mpaka machozi. Lakini hakuna aliyesema, "Chukua wewe."

"Dada, watu wanasubiri," akasema karani wa hoteli. "Jina?"

Kalamu ikagusa karatasi.

Na msiniletee siasa za "wagawane". Mstari ni mmoja, jina ni moja, na karani amesema hakuna kufuta. Je, wewe ungeandika la nani?