Kesho ya Zimwi la Mlima

Sogeeni, nisipaze sauti. Anayesimuliwa hapa hajalala vizuri.

Mwasiti, fundi cherehani, alipanda mlimani kutafuta mafiga. Akapasua jiwe, ndani akakuta kombe la bahari. Mara mlima ukafumbua jicho: kumbe ni zimwi!

"Umevunja mlango wangu. Nakumeza!"

Mwasiti akaliinua lile kombe. "Babu, kombe limefikaje huku juu?"

"Jana hapa palikuwa bahari."

"Na mlima?"

"Umeota leo asubuhi."

"Na jua?"

"Liliwashwa juzi. Nyamaza, nina njaa!"

Kinywa kikafunguka. Mwasiti akasema lile analowaambia wateja wake kila siku: "Njoo kesho."

Zimwi likawaza. "Kesho si mbali." Likafumba jicho.

Mwasiti akazeeka, akazikwa. Vitukuu wake wakazikwa. Kesho haijafika.

Ila ardhi ikitikisika, wanangu, ni zimwi linajigeuza, linasikiliza kama jogoo amewika.