Mkono Ukutani

Wapendwa, leo nitawapeleka baa. Akina mama wa viti vya mbele mmeshakunja nyuso, na wazee wa kanisa wanatazamana kuulizana nani aliniruhusu. Tulieni. Tutaingia kwa miguu na tutatoka kwa miguu.

Palikuwa na mwanamume mmoja, karani wa ghala la saruji, umri wake hamsini na ushei, mgonjwa wa presha. Mke wake alikuwa na kazi ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia. Kila Ijumaa jioni aliwatembeza wageni mjini, kwa miguu, kuwaonyesha baa zilizofichika. Katika mji ule zilikuwapo. Moja ilikuwa nyuma ya kinyozi: unapita viti vya kunyolea, unasogeza pazia, umefika. Ya pili uliingilia kwa fundi cherehani, katikati ya suti za watu. Ya tatu mlango wake wa mbele haukufunguka kwa nje. Ilibidi mtu azunguke uchochoroni mpaka uani, jikoni kwao, aombe, ndipo wenyewe wawafungulie wageni kutoka ndani. Mwanamke yule alijua kisa cha kila mlango. Yeye mwenyewe alikunywa soda ya tangawizi, kwa hiyo msianze.

Kila Ijumaa alirudi nyumbani na mishkaki minne imefungwa kwenye gazeti, bado ya moto. Mumewe alikula. Nyama laini, ndimu na pilipili manga, chumvi hakuna kabisa, vile vile daktari alivyomwagiza. Alikula miezi minane akilamba vidole. Mwezi wa tisa ndipo akajiuliza: hivi hii nyama inachomwa na nani?

Mnacheka. Lakini wivu wa huyu bwana ulimjia akiwa ameshiba, na wa kwako sijui ulikujia ukiwa unafanya nini.

Alimuuliza mkewe. Mkewe akajibu kwamba kuna mchomaji pale baa ya tatu, ndiye humwekea. Akasema huku akitabasamu, kisha akaenda kukoga. Basi lile tabasamu likamnyima bwana yule usingizi. Akaanza kukusanya. Kumbe Ijumaa ndiyo siku anayovaa kile kitenge cha zambarau. Kumbe Ijumaa akipiga pasi huwa anaimba. Tena kuna marashi ambayo siku nyingine hajipaki. Mwanamume gani, akajiambia, anamchomea mke wa mtu nyama kila wiki bure? Swali la pili lingemgharimu nini, wapendwa? Angesema tu, "Mke wangu, ni kwa nini anakuwekea?" Hakuliuliza. Mtu mwenye wivu huuliza swali moja, na majibu mengine yote anajitungia mwenyewe.

Akakata shauri. Angekwenda kuona kwa macho yake, na akishaona, Jumamosi asubuhi angemrudisha mke kwao. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, watoto watatu, na yote hayo aliyapachika kwenye vijiti vinne vya mishkaki.

Akaazima koti la jirani. Akavaa kofia na miwani ya kusomea, ambayo ukiivaa kutazama mbali huoni vizuri. Akajiandikisha kwa jina la marehemu mjomba wake. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa mbele ya kinyozi pamoja na wageni wengine, ameinamisha kichwa, akiamini kabisa kwamba amekuwa mtu mwingine.

Sasa sikilizeni, maana mambo yote yako hapa. Mwanamke yule hakuwa akihesabu watu. Zamani alihesabu. Siku moja alihesabu kumi na wawili mlango wa kwanza, akahesabu kumi na wawili mlango wa pili, akaridhika. Kumbe mgeni mmoja alikuwa amesahaulika chooni, na mlevi mmoja wa pale pale alikuwa amejiunga na msafara, akaitimiza hesabu. Tangu hapo aliacha. Aliwagawa watu wawili wawili, washikane mikono, na katika kila mlango alisimama akamuuliza mmoja mmoja: "Mwenzako yuko wapi?" Nawe unauinua mkono wa mwenzako juu, unapita.

Mtu akibaki peke yake, alitembea na mwongozaji mwenyewe. Na kila Ijumaa alibaki mama mmoja mzee, mjane, ambaye jua likishazama macho yake hayakuona kitu. Mumewe marehemu ndiye aliyeichonga kaunta ya ile baa ya tatu. Mama huyo alikuja kuishika tu ile kaunta, kuipapasa kingo zake, anywe soda, arudi kwake. Kila Ijumaa alishikwa mkono na mwongozaji. Ila Ijumaa hii mtu wa kofia na miwani alikuwa ameongezeka, hakuna wa kubaki peke yake, na mwongozaji alimtazama mtu huyo kwa muda kidogo, akauchukua mkono wa mama mzee, akautia mkononi mwake.

"Mshike vizuri," akamwambia. "Huyu haoni gizani."

Wakaingia kwa kinyozi. Mwenzako yuko wapi? Mikono juu, wakapita. Mwongozaji akasimulia kisa cha pazia, wageni wakacheka, naye akacheka nao. Bwana yule akakumbuka kwamba nyumbani hajamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana. Mgeni mmoja mwenye ndevu akamwuliza mwongozaji kitu, mwongozaji akamgusa bega akimjibu. Ni huyu, akawaza. Kisha mwenye baa akamsogezea kiti. Au ni huyu. Wapendwa, alikuja kumtafuta mwanamume mmoja, na kabla ya kufika mlango wa pili alikuwa ameshawapata watano.

"Mwanangu, unanibana mkono," mama mzee akamwambia pale kwa fundi cherehani. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Samahani."

Mama yule alikuwa akimsimulia habari za mumewe, jinsi alivyoileta ile mbao kwa mkokoteni, jinsi alivyoisugua wiki nzima. Bwana hakusikia hata neno. Macho yake yalikuwa kwenye kitenge cha zambarau.

Walipotoka kwa fundi giza lilikuwa limeshaingia. Mwongozaji akawasimamisha mdomoni mwa uchochoro. Upande mmoja ukuta, upande mwingine mtaro ulio wazi, taa hakuna. Akawaomba wangoje kidogo, yeye azunguke jikoni akaombe mlango, halafu wakisikia unafunguliwa upande wa barabarani waende. Kisha akaingia uchochoroni peke yake, akitembea kama mtu anayeijua njia vizuri.

Peke yake! Bwana yule damu ikamchemka. Alikuwa amengoja saa nzima kuona jambo hilo. Akamvuta mama mzee hatua chache ndani ya uchochoro, akauchukua mkono wake, akauweka ukutani.

"Nisubiri hapa, mama. Dakika moja tu. Narudi."

"Haya, mwanangu."

Akamfuata mkewe. Akafika uani, nyuma ya jiko, akajibanza kwenye magunia ya mkaa. Na kweli mwanamume alikuwepo, mrefu, mikono mipana, amevaa aproni, anapepea moto. Mkewe akamsalimu. Yule mchomaji akainama, akatoa kifurushi cha gazeti kilichotengwa pembeni.

"Hii ya mzee nyumbani," akasema. "Chumvi sijaigusa. Moto wake nimeuwasha mbali na wa wateja. Presha yake inaendeleaje?"

"Imeshuka," mkewe akajibu. "Ila siku hizi kuna kitu kinamsumbua. Namuuliza, hasemi."

"Mlete siku moja, tumwone huyu mtu unayemsema kila Ijumaa."

Mkewe akacheka, akalipia nyama kama ambavyo alikuwa akilipia wiki zote, akapita ndani kuwafungulia wageni.

Bwana yule akakaa chini palepale nyuma ya magunia. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawa ya moto. Halafu, nitawaambia ukweli, akafurahi. Ndoa yake ilikuwa nzima. Nyama aliyoila ilikuwa imeagizwa kwa jina lake. Akataka kutoka, lakini mchomaji alikuwa amesimama njiani anapepea, na atapitaje hapo na koti la kuazima, atasema yeye ni nani? Akaamua kungoja mpaka yule bwana aingie ndani. Akangoja robo saa, ikawa nusu saa. Wivu ulikuwa umeshatoka wote, lakini hata hivyo aliendelea kujifikiria yeye: ataonekanaje, atasemwaje, atafikaje nyumbani kabla ya mkewe. Kuna mtu mmoja katika mji ule hakumjia akilini hata kidogo. Nanyi mnamjua.

Huko mbele wageni waliingia. Mwongozaji aliuliza swali lake, mikono ikainuka, wakapita wote. Maana ile kanuni ilikuwa na tundu moja: wawili wakikosekana kwa pamoja, hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Akaanza kusimulia kisa cha kaunta. Alipofika mahali pa kusema, "na mke wa aliyeichonga tunaye hapa," akageuka ampishe mama aje aishike. Hakumwona. Akatazama huku na huku. Akajiambia hapana shaka yuko na mwenzake, wamepumzika mahali. Akatoka uani kumuuliza mchomaji kama amewaona. Na mwanga wa makaa ukamwonyesha kofia nyuma ya magunia.

Akasogea. Hakushangaa, wala sauti hakuipandisha. Aliuliza vile anavyouliza kila mlango.

"Mwenzako yuko wapi?"

Swali hilo ni la zamani, wapendwa. Mtu wa kwanza kuulizwa aliulizwa kondeni habari za ndugu yake, na wivu ulikuwa umeshafanya kazi yake. Bwana yule akainuka kutoka kwenye magunia. Akavua miwani.

"Baba Tumsifu," mkewe akasema, "nilikujua tangu kwa kinyozi. Sikujua umefuata nini, nikasema utaniambia mwenyewe. Nikafurahi kwamba leo mama amepata mkono ninaouamini kuliko wangu. Umemwacha wapi?"

Wakakimbia. Mchomaji akachukua taa, akawafuata. Bwana yule alikuwa akitazama mtaroni tu. Kila kilichokuwa cheusi mle ndani alikiona ni nguo ya mtu.

Wakamkuta. Alikuwa amesimama palepale, mkono ukutani palepale alipouweka yule bwana. Pembeni yake alisimama mwanamke muuza karanga, na karai lake kichwani, amechoka kubembeleza. Akawaambia kwamba amemwomba mama huyu mara tatu amvushe mtaro ampeleke penye taa, na wapita njia wengine nao wamejaribu, mama amekataa kabisa. Kila mtu amemjibu neno moja: mimi nina mwenzangu, amesema anarudi.

Mama mzee akasikia hatua zao. Akaugeuza uso kuelekea giza walilotoka.

"Si niliwaambia?" akasema. "Huyo amekuja." Akautoa mkono ukutani, akaunyosha mbele ushikwe.

Bwana yule hakuweza kuushika. Alilia kama mtoto, mtu wa miaka hamsini, ndani ya koti la jirani. Mkewe ndiye aliyeuchukua mkono wake akautia ndani ya ule wa mama, na mkono wa mama ulikuwa baridi, umejaa chokaa ya ukuta.

Wapendwa, mama yule hakumjua huyu bwana. Hakujua jina lake, na hata jina alilopewa lilikuwa la marehemu. Alipewa neno moja, narudi, akalishikilia nusu saa gizani na mtaro uko miguuni pake. Na bwana huyu alikuwa na mke aliyempa maneno ya miaka ishirini na miwili, akampa watoto watatu, akamtafutia hata nyama isiyo na chumvi, na bado alikwenda kuazima koti. Sasa niambieni, kati ya hao wawili, asiyeona alikuwa nani?

Ndivyo tulivyo sisi. Tunawavizia waliotulia na tunawaacha tuliokabidhiwa. Wewe unapekua simu ya mumeo kila usiku na mama yako mzazi hujampigia tangu Pasaka. Wewe unapima ndugu yako amejenga vyumba vingapi, na hujui mwanao wa pili anashinda wapi. Wewe mwanakwaya unamchunga mwenzako asipewe sauti ya kwanza, na yule mgonjwa tuliyekukabidhi umtembelee nasikia alizikwa Jumanne. Nani alikutuma kuchunga hivyo unavyovichunga?

Nami najisema pia. Msidhani koti hili ninalolivaa madhabahuni halijawahi kuwa la kujibanzia.

Mahali fulani katika mji huu kuna mtu uliyemwekea mkono ukutani ukamwambia, "Dakika moja." Huenda ni miezi sasa. Watu wanapita wanamwonea huruma, wanamwambia twende zetu, huyo harudi. Naye anawajibu kwa jina lako kwamba unarudi. Bado anakutetea.

Nilikuwa nimepanga tusimame tuimbe wimbo wa mwisho. Tutauimba sisi ambao wenzetu tumekaa nao. Wewe ambaye sasa hivi kuna jina limekujia, chukua kitabu chako, mlango uko wazi, nenda. Hakuna atakayegeuka kukutazama.