Wasifu wa Mtunza Mashine ya Maji

Shauri la Kufanana kwa Wasifu wa Waombaji Wawili wa Nafasi Moja ya Mtunza Mashine ya Maji, Daraja la Tatu. Ndivyo jalada lilivyoandikwa, kwa wino mwekundu, na mihuri miwili juu yake.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana kompyuta zilikwishafika na umeme ulikwishajifunza kukatika, palikuwa na mji mkavu wenye mashine moja ya maji. Aliyeiendesha kwa miaka saba ni Somoe, bila barua ya ajira. Siku moja halmashauri ikagundua kwamba kazi hiyo haina mtu. Ikatangaza nafasi. Asiye na wasifu asiombe, na ifikapo Ijumaa Somoe arudishe ufunguo wa mashine, isipokuwa awe ameajiriwa yeye.

Somoe akaenda steshenari kwa Bakiri.

"Kaka Bakiri, niandikie huo wasifu."

"Uzoefu wako?"

"Mashine ikianza kukohoa, nalegeza nati ndogo ya kushoto. Nasukuma mafuta kwa mkono, nangoja mapovu yaishe, nakaza. Sikazi mno, itakatika."

"Dada, wasifu hauandikwi hivyo."

"Kwani unaandikwa na aliyefanya kazi au asiyefanya?"

Bakiri akaandika yote, akayapanga kwa namba, yakapendeza.

Baada yake akaja Chilumba, naye akiitaka nafasi hiyo, kijana mwenye cheti cha ufundi na asiyewahi kuajiriwa. Umeme ulikuwa ukiwaka na kuzima. Bakiri, kwa haraka, akafungua faili lile lile la Somoe, akabadili jina, akabadili shule, akasahau kubadili uzoefu. Chilumba akausoma nyumbani. Akausoma tena. Akausoma mpaka ukamkaa kichwani. Hakurudi kuuliza.

Kamati ikafungua bahasha, ikakuta uzoefu ule ule kwa majina mawili. Mwenyekiti, Bwana Nampota, mtu aliyeishuku hata saa ya ukutani, akawaita wote watatu, waombaji wawili pamoja na Bakiri aliyewaandikia.

"Mmoja wenu ni mwizi," akasema. "Au wote. Au yuko wa nne."

Kabla hajajibiwa, kelele zikasikika nje: mashine imezima, ndoo zimepanga foleni hadi sokoni.

"Imezima leo? Siku ya usaili? Nani kaizima?"

"Imezima kwa sababu mimi niko hapa," akasema Somoe. "Niruhusuni niende."

"Hutoki. Utaharibu ushahidi."

Chilumba, aliyekuwa karibu na mlango, akatoka mbio. Mashine ile hakuwahi kuigusa, ila ufunguo ulikuwa umeachwa ndani yake. Akalegeza nati ndogo ya kushoto. Akasukuma mafuta kwa mkono, akangoja mapovu yaishe, akakaza. Hakukaza mno. Akawasha. Maji yakatoka.

Akarudi mikono myeusi kwa mafuta, na hapo ndipo madai yalipoanza.

"Mheshimiwa, alichofanya huyu ni changu," akasema Somoe. "Nati ile nimeijua kwa kuchubuka vidole. Mwanangu, mikono ni yako, akili ni yangu."

"Sikatai, mama," akasema Chilumba. "Lakini mnamtaka aliyesimulia au aliyewasha?"

"Ulijua uzoefu si wako, ukasaini?" akauliza Mwenyekiti.

"Nilisaini. Kwa wasifu wa kweli nimeomba kazi kumi na tisa, hakuna aliyenijibu. Huu umejibiwa. Na tangu leo, mzee, si uongo tena."

Bakiri naye akasimama. "Na mimi je? Dada alikaa na njia hiyo kichwani miaka saba, akitoka tu mji unakauka. Nilipoiandika, asiyejua akaweza. Nipeni mimi kazi. Nitaibandika ukutani kwa herufi kubwa, mashine haitamtegemea mtu mmoja tena."

"Kosa lako ndilo unaliita sifa?" akafoka Somoe.

"Kosa lililoleta maji, dada."

Mwenyekiti akawashuku wote watatu kwa kipimo kimoja. Akaagiza kila mmoja alete nakala ya uzoefu wake iliyothibitishwa na mwanasheria.

Ijumaa ikafika, kamati haijaamua. Somoe akaweka ufunguo mezani kama alivyoagizwa, akaenda nyumbani. Mwenyekiti akakataza mtu yeyote kuugusa. Mji ukakaa siku nne bila maji.

Haya, ninyi mliosikiliza, semeni bila kunong'ona: kati ya aliyejua, aliyeandika na aliyewasha, nani alistahili kuuchukua ufunguo ule?