Dereva Aliyefungiwa Breki Mpya

Ndugu zangu, Ramadhani imetuaga juzi tu, na kanzu zetu bado zinanukia udi wa Idi. Kabla furaha haijatulevya, nitegeeni sikio niwapigie mfano.

Alikuwapo dereva mmoja wa lori lenye tela, kazi yake kushusha mahindi kutoka nyanda za juu hadi bandarini. Njiani palikuwa na mlima mkali, kona baada ya kona. Lori lake lilikuwa kuukuu, breki zimechoka, naye alilijua hilo kuliko tajiri wake. Basi kila akifika kileleni alisimama. Anashuka, anazunguka magurudumu akiyakagua, anapanda tena, anaweka gia nzito, ile ile ya kupandia mlima, kisha anateremka polepole injini ikinguruma na kulizuia lori. Breki anazigusa, anaziachia zipoe. Wenzake walimpita wakimtania: "Mzee, umebeba mahindi au mayai?" Yeye anacheka, anawapungia mkono. Miaka ikaenda hivyo, wala hakuwahi kuvunja hata kioo.

Siku moja tajiri akampeleka gereji, lori likafungiwa breki mpya, kichwa na tela. Nanyi mnamjua mtu aliyepata kitu kipya! Akigusa kidogo tu, lori lote linatulia. Alitabasamu njia nzima. Safari hiyo alikuwa na mkewe, anakwenda kumwona dada yake aliyejifungua.

Wakafika kileleni. Lori halikusimama.

"Baba watoto, mbona leo hatusimami?"

"Hayo yalikuwa mambo ya breki kuukuu, mama watoto. Leo wale wa mayai watatukoma."

"Kwani na mlima nao wameubadilisha?"

Swali zuri hilo, au siyo? Mumewe alicheka tu, akaliacha lori katika gia nyepesi.

Kona za mwanzo breki zilimtii. Akazikanyaga, akazidi kuzikanyaga, hakuziachia tena, maana tela na shehena yake lilikuwa likikisukuma kichwa kwa nyuma. Katikati ya mteremko mkewe akaziba pua kwa mtandio. Kitu kinaungua. Mguu ukadidimia, lori lisipungue mwendo. Ndipo alipoikumbuka gia nzito. Akajaribu kuiingiza, gia ikalia kwa ukali, ikakataa, kwa sababu gia ile haiingii ukishachukuliwa na mwendo. Ile huwekwa kileleni. Na sasa lori halikuwa katika gia yoyote.

Chini, kwenye kona ya mwisho, walikaa akina mama wauza vitunguu. Aliwaona. Aliona mpaka mtoto aliyebebwa mgongoni. Kulia kwake bonde, kushoto ukuta wa mlima, na kushoto ndiko alikokaa mkewe. Akaita, "Ya Rabi!" Akakata usukani kushoto.

Lori lilisuguana na mwamba mpaka likasimama. Wauza vitunguu walipona wote. Mkewe alitolewa akiwa hai, lakini mguu wake haukuokolewa.

Askari wa barabarani akaja na swali la siku zote: "Breki zilikata?"

Watu wakangoja aseme ndiyo, maana kila dereva husema ndiyo. Akamtazama mkewe, amelazwa juu ya kanga za wale akina mama.

"Hapana, afande. Breki zilikuwa mpya. Mimi ndiye niliyeacha kuogopa."

Ndugu zangu, mmeyaona maajabu haya? Mtu na breki mbovu kashuka salama miaka yote. Kapewa nzuri, kaanguka! Na sisi je? Saumu imetufungia breki mpya, alhamdulillahi. Ndimi zimejifunza kunyamaza, macho yamejifunza kuinama. Na sasa nawasikia, tena wengine mmekaa safu hii ya mbele: "Sheikh, mimi siku hizi nimetengemaa. Naweza kukaa na wale jamaa wakinywa, mimi nikanywa soda yangu." Kona ya kwanza utaweza. Ya pili pia. Mwingine anasema ugomvi na mkewe ataukatiza akiona umezidi. Lini uliwahi kuukatiza? Hasira ikishakolea, nani hapa amewahi kuipunguzia mwendo?

Tulipojijua wadhaifu tulizunguka njia ya mbali, tulifunga mdomo neno la kwanza lilipotuchoma. Udhaifu ule ulitutunza. Tusiuonee haya hata leo.

Kwa maana tukianguka hatuanguki peke yetu. Siku ya kukata usukani, mwenye kukaa upande wa ukuta ni mtu wa nyumbani kwako. Leo ukifika, mtazame vizuri usoni, kisha ndiyo uamue jioni utapita wapi.