Shikamoo ya Kidawa

Wazee waliposema nyani haoni kundule, hawakuwa na ugomvi na nyani. Nyani ni mnyama, kaumbwa vile, na kundu lake liko nyuma ambako macho hayafiki. Waliyemsema ni binadamu, ambaye ana shingo ya kugeuka lakini hageuki, na ambaye aibu ya jirani huiona toka mbali huku yake kaikalia. Methali hii ilimpata kijana mmoja wa Kilwa Kivinje, Maftaha bin Tawakali, tena ilimpata hadharani.

Miaka hiyo Mwingereza alikuwa bado anaitawala Tanganyika, na Maftaha alikuwa darasa la kumi katika shule ya bweni mjini Lindi. Alikuwa kijana wa kwao hasa, msafi wa mavazi na mtamu wa maneno. Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa Dionis, mtoto wa mkulima wa Kilangala, mpole asiyesema ila akiulizwa. Dionis alikuwa na mjomba baharia ambaye kila aliporudi kutoka Ulaya alimletea vijitabu vya vyama vya wafanyakazi wa huko. Wavulana hao walivisoma kwa kujificha nyuma ya jiko la shule, maana mwalimu mkuu alikwisha tangaza kwamba mwanafunzi atakayekutwa na siasa atafungasha virago siku hiyo hiyo.

Siasa ile ilimkolea Maftaha. Sasa alijua kwamba dunia imegawanyika kati ya wanaofanya kazi na wanaokula, na kwamba mali ya tajiri ni jasho la maskini. Neno "bepari" lilimnogea mno, akawa anamwita hivyo kila mtu, hata bibi wa watu aliyewauzia karanga langoni. Dionis alimkumbusha kwamba mtaji wa bibi yule ni pishi moja tu. Maftaha akajibu kwamba ubepari huanza hivyo hivyo.

Nje ya mji palikuwa na shamba kubwa la mkonge. Vibarua wake waliitwa manamba, wengi wao watu walioletwa kutoka nchi za mbali, na kila mmoja alikuwa na kipande chake, kadi ambayo nyapara aliitia alama kwa kila siku ya kazi. Kipande kikijaa ndipo mtu hulipwa. Nyapara akikasirika, siku ya mtu hupotea bure. Kila Jumapili Maftaha na Dionis walikwenda kambini kwa manamba hao kuwafundisha kusoma. Mwanzoni walifundisha kweli. Kisha Maftaha akaanza kuhutubia, na tangu hapo masomo yakawekwa kando.

Haki yake apewe, alijua kusema. Kwanza alizunguka kuwaamkia wazee mmoja mmoja kwa adabu, kisha akasimama juu ya gogo na kuwaeleza habari zao wenyewe kwa namna ambayo hawakupata kuzisikia. "Anayekula jasho la mwenziwe bila kumlipa ni mwizi," alizoea kusema. "Hata akimwita ndugu, hata akimlisha na kumvika, ni mwizi tu." Maneno hayo yaliwaingia watu. Mzee Likwata, mkata mkonge wa siku nyingi ambaye kambi nzima ilimsikiliza, alisema hajaona kijana wa shule mwenye uchungu na watu kama huyu.

Ikafika siku wakaamua kugoma. Walikubaliana kwamba baada ya likizo ya shule watachagua mtu wa kusimama mbele ya meneja kuwasemea, na Likwata hakuficha kwamba anamtaka Maftaha, kwa kuwa anajua Kiingereza na haogopi. Maftaha alijua kwamba jambo hilo litamfukuzisha shule, na alikuwa radhi. Hapakuwa na kitu alichokitamani duniani kuliko kusimama mbele ya mzungu yule na watu wote wale wakiwa nyuma yake. Alikwenda kwao likizo akiwa na hotuba kichwani, anaigeuza na kuipamba njia nzima.

Baba yake, Bwana Tawakali, alikuwa mfanyabiashara wa ufuta pale Kivinje, mtu wa swala tano na mwenye heshima zake. Mama yake, Bi Samia, alikuwa na maradhi ya miguu na hakuweza kuinuka bila kushikwa. Aliyemshika alikuwa Kidawa. Kidawa huyo huyo ndiye aliyechota maji, akatwanga, akapika, akafua na kupiga pasi, kisha akalala sakafuni mlangoni pa Bi Samia ili akiitwa asikie. Zamani watu walipokuwa wakiuzwa kama bidhaa, babu yake Maftaha alimnunua mama yake Kidawa, na Kidawa akazaliwa uani mwa nyumba hiyo. Jambo hilo halikutajwa. Ilisemwa tu kwamba Kidawa ni mtu wa nyumbani, na ilisemwa kwa mapenzi.

Siku moja Maftaha alikuwa amejinyoosha barazani akiitunga hotuba yake ya mgomo, Kidawa akamletea mashati yaliyopigwa pasi, na badala ya kuondoka akasimama. Kwa sauti ya chini alimweleza kwamba kuna mgane wa Kiswere, Hasani mchoma chokaa, anataka kumwoa, na yeye pia anamtaka. Umri umekwenda, hatarajii mtoto tena. Anataka tu mlango wake mwenyewe wa kufungua na kufunga. Lakini hawezi kuolewa bila idhini ya Bwana, na Bwana amekwisha kataa.

"Wewe umesoma, bwana mdogo," akamwambia. "Ukimwambia wewe atakusikia."

Maftaha akamwahidi kwamba atasema. Kisha akamwomba amletee maji ya kunywa.

Alisema kweli, wakati wa chakula cha usiku. Bwana Tawakali hakukasirika hata kidogo. Alimega tonge lake, akauliza taratibu kwamba Kidawa akiondoka, Bi Samia atainuliwa na nani. Maftaha akawaza. Alimwaza mama yake, akawaza mashati yake, akawaza uso wa baba yake ukikunjamana. Kijana aliyezoea kuinyamazisha kambi nzima ya manamba alimeza tonge na kuusifu wali kwamba umekolea nazi. Kesho yake alimwambia Kidawa avute subira, kwani mambo mazuri hayataki haraka. Akarudi Lindi akiwa na mashati safi na moyo mweupe, wala hakuona kwamba kuna jambo lililotokea.

Jumapili ya kuchagua msemaji ilipofika, uwanja wa kambi ulijaa, wanaume mbele na wanawake nyuma. Maftaha alihutubia kuliko siku zote. Alipofikia yale maneno yake ya mwizi wa jasho, watu waliyadaka na kuyamalizia wenyewe. Likwata akasimama akasema haoni haja ya kuuliza mengi, mdomo wao ni huyu, na anayekubali ainue mkono. Mikono ikaanza kuinuka pande zote.

Hapo mwanamke mwenye kikapu kichwani akapenya kutoka nyuma. Alikuwa Kidawa. Bi Samia aliomba jirani amshike siku hizo mbili, akamtuma Kidawa kwa lori la ufuta amletee mwanawe visheti na samaki wa kukaanga, na shuleni mtu akamwelekeza kambini. Alikuwa amesimama kule nyuma tangu mwanzo, na hotuba yote ameisikia. Alifika mbele ya Maftaha, akapiga goti na kikapu chake kichwani, kama alivyofanya kila asubuhi tangu kijana huyo alipokuwa anajifunza kutembea.

"Shikamoo, bwana mdogo."

"Marahaba, Kidawa," Maftaha akajibu.

Hakuwaza. Mdomo ulijibu wenyewe kwa mazoea, na neno lilipokwisha toka ndipo akasikia uwanja ulivyonyamaza. Watu wa kambi ile walitoka makabila mengi, lakini hapakuwa na kabila ambalo mwanamke mwenye mvi humpigia goti mvulana wa shule, na mvulana akaipokea heshima hiyo bila hata kumwambia ainuke. Wenyeji wa pwani waliokuwapo walijua zaidi, maana walijua kwamba katika zama za babu zao ni mtumwa aliyemwamkia bwana wake hivyo. Mikono iliyokuwa juu ikaanza kushuka.

"Mama huyu ni nani wako?" Likwata akauliza.

"Ni mtu wa nyumbani," Maftaha akasema, na kwa mara ya kwanza akasikia maneno hayo yanavyosikika kwa watu.

Likwata akamwinua Kidawa na kumuuliza kwa upole kwa kina Maftaha wanamlipa nini. Kidawa hakuja kumwaibisha mtu. Alijibu kama alivyoulizwa, kwamba wanamlisha, na kila Idi wanamvika. Akaongeza kwamba yeye hadai kitu. Pamoja na kuleta chakula alitaka tu kusikia jibu la ombi lake, kwa sababu Bwana bado hajamruhusu kuolewa.

Likwata akatoa kipande chake mfukoni. "Sisi tuna kipande," akasema. "Hata tukiibiwa vipi, kikijaa tunapewa chetu na tunakwenda makwetu. Cha kwako wewe, mama, kinajaa lini?"

Mtu mmoja kule nyuma akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, na Maftaha akatamani ardhi ipasuke immeze. Dionis akampita bila kumtazama, akainama mbele ya Kidawa akasema, "Shikamoo, mama," akamtua kikapu. Lilikuwa jambo dogo namna hiyo, na Maftaha hakuwahi kulifanya hata siku moja.

Hakuna aliyemtukana; heri wangemtukana. Likwata alimshukuru mbele za watu, akasema maneno aliyowafundisha ni ya kweli na watakwenda nayo kwa meneja, ila wa kuyasema atakuwa mwingine. Akachaguliwa Kornelio wa kiwanda cha mkonge, mtu mwenye kigugumizi, na mikono yote ikainuka.

Maftaha akaondoka na Kidawa kurudi mjini, kikapu amekishika yeye. Kilimpiga mguuni kila hatua, na hakujua namna ya kukibeba. Fedheha ilikuwa bado inamchoma, na kama wafanyavyo wengi wenye aibu, alitafuta wa kumtupia. Akamuuliza Kidawa kwa nini amemwaibisha mbele ya watu. Kidawa akashangaa, akasema yeye amemwamkia tu.

Hapo ndipo Maftaha alipojiona. Hakuona siku ile peke yake. Aliona ndoo zote za maji, mashati yote, na yule mtu aliyelala sakafuni mlangoni usiku baada ya usiku. Aliona aibu ambayo hata manamba hawakuweza kumpa, kwani wao walijua jambo moja tu, na yeye aliyajua yote. Akatafuta kitu cha kumpa Kidawa, chochote, na akapata kimoja tu alichokuwa nacho.

"Huhitaji idhini ya baba," akamwambia. "Serikali ilikwisha futa utumwa tangu mwaka wa ishirini na mbili. Hapana mtu mwenye haki ya kukuzuia. Mwende kwa kadhi wewe na Hasani, atawaozesha."

Kidawa akasimama katikati ya njia.

"Umelijua lini hilo?"

Maftaha angeweza kudanganya, na shetani alimshawishi. "Darasa la nne," akasema. "Tulifundishwa."

Kidawa hakulia wala hakupaza sauti.

"Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa," akasema. "Nilikuvusha maji mgongoni kila siku, nikakungoja nje ya darasa mpaka utoke. Kwa hiyo ulifundishwa mle ndani, nami niko mlangoni. Ukatoka, Maftaha, ukapanda mgongoni, na hukuniambia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Akachukua kikapu mkononi mwake, akatoa visheti na samaki vya mama yake akampa, kikapu kitupu akaondoka nacho. Maftaha alibaki njiani amekumbatia vyakula vile, akimwangalia mpaka alipopotea, na hakuthubutu kumfuata.

Lori la ufuta liliporudi Kilwa, Kidawa aliteremka njiani, Kiswere. Alimwomba dereva amfikishie Bwana Tawakali salamu na kumwambia kwamba hatarudi tena. Kadhi akamwozesha kwa Hasani. Mgomo nao ulifanyika. Kornelio alisimama mbele ya meneja akasema kwa taabu, neno baada ya neno, na watu wakamngoja amalize. Nyapara mmoja akaondolewa na siku zilizopotea zikarudishwa katika vipande. Maftaha aliisikia habari hiyo akiwa bwenini, na watu walipoisimulia mbele yake aliinamisha kichwa.

Likizo iliyofuata ni yeye aliyemwinua mama yake, akashika ndoo kwenda kisimani, na wanawake wa Kivinje wakampisha njia wakiguna. Vijitabu hakuvitupa, kwa sababu havikusema uongo. Aliendelea kuvisoma hata utu uzima, lakini hakupata tena kusimama juu ya gogo kuwauliza watu mwizi wa jasho ni nani. Alikuwa amemtafuta Ulaya, akamtafuta mkongeni, akamtafuta hata kwa muuza karanga, na siku zote hizo mwizi mwenyewe alikuwa mgongoni mwa Kidawa, akivushwa maji. Nyani haoni kundule.