Kipa Aliyeudaka Mpira wa Wavu

Wapendwa, alikuwepo kijana mmoja, kipa wa timu ya chuo cha ualimu. Mikono ile, jamani! Mpira ukija juu anao, ukija chini anao, na akishaudaka huukumbatia kifuani na kulala nao chini kama mzazi na kichanga chake. Nyuma ya goli alikaa mama yake, mjane, na kila mpira uliodakwa aliupigia vigelegele. Sheria za mpira hakuzijua. Alimjua mwanawe.

Siku moja akaja kocha wa mpira wa wavu kutoka mjini, wa timu inayolipa wachezaji wake mshahara. Akamtazama kijana anavyoruka, akamwita pembeni.

"Urefu unao, kuruka unaruka. Njoo kwangu. Ila kwangu mpira haushikwi. Ukikujia unaugusa tu, unampa mwenzako."

"Hilo tu, kocha? Nitaweza."

Mnasikia anavyojibu? Hata sisi siku ya ubatizo tulijibu hivyohivyo, tena kwa sauti.

Na mazoezini aliweza kweli. Aligusa, akaachia, wenzake wakampenda, jezi ikaandikwa jina lake mgongoni. Lakini kila mpira ulipomtoka viganja vilimwasha, na hilo hakumwambia mtu.

Ikaja mechi kubwa. Mama akapanda basi alfajiri, kitenge kipya, kuja kumwona mwanawe. Seti ya mwisho, wapinzani wamebakiza pointi moja tu washinde. Mtu wa upande wa pili akaruka, akapiga. Mpira ukaja kwa kasi, umenyooka kifuani kwa kijana, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Kijana akaogopa. Na mtu akiogopa, ndugu zangu, hafanyi alichofundishwa juzi, anafanya alichozoea. Mazoea yana taabu.

Akaudaka. Akaukumbatia, akalala nao chini, akafumba macho, akasubiri makofi. Kwa kitambo kile kidogo hapakuwa na mtu mwenye furaha kama yeye mle ndani.

Filimbi ikalia. Kisha vicheko.

Na ninyi mnacheka? Subirini. Katikati ya vicheko vile ikapanda sauti moja nyembamba, ya mwanamke aliyesimama peke yake, anapiga vigelegele. "Amedaka! Mwanangu amedaka!"

Hapo ndipo kijana alipolia. Vicheko angevivumilia.

Kocha wala hakugomba. "Urefu wako nautaka," alimwambia, "lakini mikono yako imenishinda. Nenda nyumbani, mdogo wangu." Na chuoni lango lilishapata kipa mwingine. Basi mpira wa mshahara ukaishia pale, hata msimu haujaisha.

Kwenye kituo cha basi mama akamuuliza, "Mbona wenzako hawakufurahi, baba? Si umedaka vizuri?"

"Nimedaka vizuri, mama." Hakuwa na moyo wa kumwambia.

Sasa tuuache mpira. Sisi tuliokaa hapa tuliambiwa na Bwana: kikikujia, mpe mwenzako. Na Jumapili tunaweza, sadaka tunatoa, nyimbo tunaimba. Lakini kaka yetu alipofariki, shamba lake lilikuja mikononi mwetu. Lilikuwa linapita tu, linaelekea kwa mjane wake na watoto. Tukalifanya nini? Tuliuogopa umaskini, tukalikumbatia kifuani. Na nyumbani wale wanaotupenda, mama zetu hao hao, shangazi zetu, wakatupigia vigelegele: amelipata! Tukadhani ni mbinguni wanashangilia.

Inaniuma kulisema, lakini nitalisema. Yule kijana alikosea, akafumbua macho palepale, akalia. Sisi je? Mjane yumo humu humu ndani, benchi la nyuma. Mnamjua. Tukitoka mnampa mkono, mnamuuliza watoto hawajambo. Filimbi ilishalia zamani, ndugu zangu, nasi bado tumelala chini, tumefumba macho, tunasubiri makofi.