Ndoo za Mwalimu

Alikuwepo mwalimu mmoja, shule yake iko kando ya mto wenye mamba. Aliposikia wakaguzi wanakuja, akachora mamba ubaoni, mwenye meno mengi kuliko mamba yeyote aliyeumbwa na Mungu. Si mnajua tunavyojiandaa kwa wageni?

Siku ikafika. Wakaguzi wakaketi nyuma na chai yao, mwalimu katinga shati jipya la kitenge. Watoto wakajibu kama kwaya: usichote maji alfajiri, usiiname ukingoni, usirudie mahali pale pale kila siku, maana mamba huzizoea nyendo za watu akawavizia. Wageni wakatabasamu. Mwalimu, kifua mbele, akauliza kama kuna mwenye swali.

Akasimama binti mmoja mpole, miguu ina tope.

"Mwalimu, wiki hii zamu ya kukuletea maji ni yetu. Leo alfajiri tumechota pale pale pa siku zote. Kesho tuchotee wapi?"

Mkaguzi mmoja akakitua kikombe chake taratibu. Alikuwa ameelewa maji ya chai yake yametoka wapi.

"Hilo tutalizungumza baadaye, mwanangu," mwalimu akasema.

"Baadaye ya leo, mwalimu, au baada ya kesho alfajiri?"

Hakuwa anamkejeli. Alitaka tu kujua. Mwalimu akageukia ubao, akaanza kumfuta yule mamba ili asitazamwe usoni, na hata alipokwisha kumfuta aliendelea kufuta. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba asiende mtoto yeyote.

Kesho yake akaenda mwenyewe, jua limeshapanda. Kila maji yalipotikisika alirudi nyuma, ndoo mkononi, tupu. Na hapo ndipo aibu ilipomshika barabara. Yeye mwenyewe alikuwa akimwogopa mamba tangu zamani. Ndiyo maana alikuwa akiwatuma watoto.

Wapendwa, sisi je? Ndoo zetu anazibeba nani? Tunamwonya dada wa kazi asitembee gizani, kisha tunamtuma mkate kabla hakujapambazuka. Tunawahimiza vijana waseme kweli, simu ikiita tunawanong'oneza, "Mwambie sipo." Hatari tunaijua vizuri, na tunaifundisha vizuri, ilimradi miguu inayoingia majini si yetu.

Basi tukitoka hapa, tusiambizane pale mlangoni kwamba mahubiri ya leo yalikuwa mazuri. Hata lile somo la mamba lilikuwa zuri.